Naamani Hakujichovya Mara Moja

Neno la leo ni 2 Wafalme 5, mstari wa 9 hadi wa 14. Fungua Biblia usome mwenyewe kabla hujaendelea, maana nitasema mambo ambayo wengine hamtayapenda, na sitaki mtu aseme Pasta ameyatoa mfukoni.

Tangu Jumapili inboksi yangu haijapumzika. Nilitangaza kwamba ndugu au dada yeyote anayepambana na pombe atafute mkutano wa kikundi cha watu wanaoacha pombe, aende, na kanisa litamsindikiza. Sikusema aache kuomba. Sikusema aache kufunga. Lakini jumbe zimekuja kama mvua. "Pasta, siku hizi tumeishiwa na upako?" "Pasta, damu ya Yesu haitoshi?" Mtumishi mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, amenitumia sauti ya dakika saba kwenye WhatsApp akisema kumpeleka mtu aliyeokoka kwenye kikundi cha walevi ni kumrudisha Misri. Nimezisikiliza dakika zote saba. Jibu langu ni hili hapa, hadharani, kwa upendo, lakini bila kupaka asali.

Tumtazame Naamani. Jemadari wa Shamu, mtu mkubwa, mwenye ukoma. Alifika mlangoni kwa Elisha na farasi na magari yake. Elisha hakutoka hata nje. Alimtuma mtu tu, amwambie aende Yordani akajichovye mara saba. Naamani akawaka hasira. Soma mstari wa 11 uone kilichomkasirisha: tayari alikuwa na picha kichwani. Alitarajia nabii atoke, asimame, aliitie jina la Mungu wake, apungie mkono pale penye ugonjwa, na mambo yaishe. Alitaka ibada ya dakika tano akapewa mto, tena mto wa watu wengine, na hesabu ya saba. Nani alimtuliza? Watumishi wake, watu ambao majina yao hayakuandikwa. Walimuuliza swali la akili: angeambiwa afanye jambo kubwa, si angelifanya?

Mpendwa, sisi Wapentekoste wa Kenya ndio Naamani. Tunapenda mkono upungwe. Tunapenda mlevi aanguke chini mbele ya madhabahu, wahudumu wamfunike na kitambaa, kinanda kipige, na akiinuka aseme "niko huru." Ukituambia huyo mtu sasa aende akae kwenye kiti cha plastiki kila Jumanne na Ijumaa, aseme ukweli mbele ya watu wanane, kwa mwaka mzima, tunaona ni kama tumetukanwa. Hakuna kinanda pale. Hakuna mtu wa kuanguka.

Sipingi kuwekewa mikono. Mimi ninaweka mikono. Nimeona kwa macho yangu watu ambao kiu ya pombe iliondoka siku moja na haikurudi, na kwa kila mmoja wao natoa utukufu kwa Mungu. Lakini tuhesabu kwa uaminifu. Wewe unayesoma hapa, kumbuka watu wote uliowaona wakiombewa pepo la ulevi kanisani kwako kwa miaka kumi iliyopita. Wako wapi leo? Wachache wamesimama. Wengi walirudi kwa mama pima kabla mwezi haujaisha, na kanisani hawakurudi tena. Unajua kwa nini hawakurudi? Kwa sababu sisi tuliwapandisha jukwaani wiki ya pili, tukawapa maikrofoni, tukawapiga video, tukaweka Facebook na maneno "kutoka gizani hadi nuruni." Kijana alikuwa na siku kumi na moja tu bila kulewa. Siku kumi na moja! Bado mikono ilikuwa inatetemeka. Alipoteleza siku ya kumi na tano, angeanzia wapi kurudi, na video yake ina laiki mia nne? Tulimtumia kuwa ushuhuda kabla hajapona, halafu tukasema imani yake ilikuwa ndogo.

Tukio la Lazaro mnalijua. Yesu ndiye aliyemwita kutoka kaburini, na hakuna mwanadamu angeweza kufanya hivyo. Lakini soma Yohana 11:44 mpaka mwisho wa mstari. Lazaro alitoka akiwa amefungwa sanda mikono na miguu, na Yesu akawaambia waliosimama pale wamfungue. Yeye aliyeweza kufufua maiti ya siku nne angeshindwa na kitambaa? Aliwaachia watu kazi hiyo kwa makusudi.

Sasa wacha niwape historia, maana hoja kubwa iliyokuja inboksi ni kwamba vikundi hivi ni vya kidunia, vina "nguvu kuu" isiyo na jina, na havina Kristo. Kikundi kinachojulikana zaidi duniani ni Alcoholics Anonymous, ambacho wengi huita AA, maana yake walevi wasiotajana majina. Kilianzia Akron, jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935. Mmoja wa waanzilishi, Bill Wilson, alikuwa mfanyabiashara wa hisa wa New York aliyeharibiwa na pombe. Desemba 1934, akiwa amelazwa hospitalini, alimlilia Mungu, na yeye mwenyewe alieleza kwamba chumba kilijaa nuru. Hakunywa tena mpaka kufa kwake. Wapentekoste hapo mnasema Amina, sivyo? Basi subirini.

Miezi mitano baadaye, Mei 1935, mtu huyu huyu aliyeona nuru alikuwa Akron kwa biashara iliyomwendea vibaya. Alisimama peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, karibu hana pesa, upande mmoja baa yenye kelele za watu wenye furaha. Alitaka kunywa. Upande wa pili kulikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji ule. Akachagua jina la kasisi mmoja, Walter Tunks, akampigia. Na kasisi yule alifanya nini? Alimpa majina ya watu wa kupigia simu. Basi. Kupitia majina hayo Bill alifika kwa mama mmoja aliyeitwa Henrietta Seiberling, naye akamkutanisha na daktari mpasuaji, Robert Smith, mlevi aliyekuwa anapoteza wagonjwa wake.

Huyu Daktari Smith ndiye ninayetaka mumwangalie vizuri. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa akihudhuria ushirika wa Kikristo ulioitwa Oxford Group, ulioanzishwa na mchungaji wa Kilutheri, Frank Buchman. Alikuwa anaomba. Alikuwa anasoma Biblia. Watu walikuwa wanamwombea. Na alikuwa bado analewa. Maombi hayakukosekana. Kilichokosekana ni mlevi mwenzake aliyeketi mbele yake na kumwambia bila kuficha, "mimi nilikuwa hivi." Alikubali kumsikiliza Bill kwa dakika kumi na tano tu. Wakaongea tangu jioni hadi baada ya saa tano usiku. Aliteleza mara moja zaidi aliposafiri kwenda kongamano la madaktari, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo AA huhesabu kuwa siku yake ya mwisho kunywa.

Wale wazee wa Akron walikuwa wakisoma nini kabla kitabu chao wenyewe hakijatoka mwaka 1939? Hotuba ya Mlimani, 1 Wakorintho 13, na Waraka wa Yakobo. Yakobo waliupenda hata wengine wakataka kikundi kiitwe kwa jina lake. Haishangazi. Yakobo 5:16 inaagiza tuungamiane dhambi na kuombeana ili tupone. Uniambie ukweli, mpendwa: ni lini mara ya mwisho mtu aliungama kitu cha kweli katika ushirika wenu wa nyumbani, kisha kikabaki ndani ya nyumba ile? Sisi tumeuhubiri mstari huo, wao wakautekeleza.

Ndiyo, AA si kanisa. Hawahubiri Yesu, na utakaa karibu na mtu ambaye mungu wake humwelewi. Hatua zao 12 zinamtaja Mungu kwa namna ambayo kila mtu anamfahamu, na wewe unamfahamu kwa jina la Yesu, kwa hiyo nenda naye. Hakuna atakayekunyang'anya. Ukitaka kikundi ambacho Kristo anatajwa wazi tangu sala ya kwanza, ipo pia Celebrate Recovery, iliyoanzia kanisa la Saddleback kule California mwaka 1991, na yapo makanisa yenye vikundi vya aina hiyo. Lakini kama kilicho karibu nawe ni AA tu, usikae nyumbani ukisubiri kikundi kisafi kuliko Yordani. Naamani naye alisema mito ya Dameski ni bora.

Na kwa ninyi mnaopenda takwimu: mwaka 2020 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000. Waliona kwamba matibabu yanayomwelekeza mtu AA kwa utaratibu yanafanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazojulikana katika jambo moja muhimu, yaani mtu kuacha kabisa na kubaki ameacha. Hao si wahubiri.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana wengi hamkatai kwenda, ila hamjui pa kwenda. Au mlienda mara moja, mkaona pale si penu, mkarudi nyumbani na kusema "nilijaribu." Kuna ndugu mmoja ambaye amenipa ruhusa niseme haya, na sitataja jina wala mtaa wala kazi. Mkutano wake wa kwanza ulikuwa wa Kiingereza, watu wa ofisi, mtu akizungumzia jinsi alivyopoteza kampuni. Yeye hajawahi kuwa na kampuni. Alikaa nyuma saa nzima akitazama viatu vya watu. Aliniambia, "Pasta, wale shida zao ni za ghorofani." Wa pili ulikuwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, asingeweza. Wa tatu ulikuwa wa Kiswahili, jioni, nyuma ya zahanati, na aliyekuwa akiongea alikuwa makanga wa zamani aliyesema jinsi alivyouza viatu vya mtoto wake wa shule ili anywe. Ndugu yetu aliinama akalia. Viatu vya shule! Naye alikuwa ameuza begi. Hapo ndipo alipokaa, na bado anaenda.

Mnaona? Hakuteleza kiimani kwa kutafuta mara tatu. Wazoefu wa vikundi hivi huwaambia wageni wajaribu mikutano kadhaa, hata sita, kabla ya kusema haiwafai. Sisi tukihamia mtaa mpya tunazunguka makanisa matano tukitafuta sifa zinazotugusa na pasta asiyekaa sana kwenye zaka. Kwa nini mtu anayepigania maisha yake apewe nafasi moja tu?

Kwa hiyo sikiliza. Ukipata namba ya kikundi, piga kwanza. Uliza kama mkutano ni wa wazi au uliofungwa. Wa wazi anaweza kuja yeyote, hata mke wako, hata mimi pasta wako. Uliofungwa ni wa wale tu wenye nia ya kuacha kunywa, na nia hiyo ndiyo sharti la pekee la kuingia. Huulizwi dini, kabila, wala umelewa lini. Uliza lugha. Mtu huungama kwa lugha anayoota nayo, na kama Kiingereza unakivaa kama suti ya harusi, tafuta mkutano wa Kiswahili. Uliza lango ni lipi, maana wengi wamefika wakakuta milango miwili, wakaona aibu kuuliza bawabu, wakageuka.

Kisha angalia saa na njia. Hili watu hulipuuza na ndilo linaloua. Wewe unajua saa yako mbaya. Kama ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, mshahara umeingia kwenye simu na wenzako wanaelekea kwenye kegi, basi mkutano wa Jumapili mchana hautakusaidia Ijumaa. Tafuta wa Ijumaa jioni. Kama njia ya kwenda mkutanoni inapita mbele ya ile baa ambayo mhudumu anakujua kwa jina, badilisha njia au badilisha mkutano. Angalia nauli. Mkutano wa matatu mbili utauhudhuria mwezi mmoja tu. Ule wa kutembea kwa miguu utauhudhuria mwaka. Wale walio mashambani au walio Ughaibuni mbali na kikundi cha Kiswahili, ipo mikutano ya kwenye simu. Bando la mkutano ni bei ndogo kuliko chupa, tusidanganyane. Lakini kama una uwezo wa kufika kwa miguu yako, fika. Kwenye simu unaweza kuzima kamera, na mlevi ni bingwa wa kuzima kamera.

Dada zangu, ninyi nawaongelesha kando kidogo. Kanisa linajua kuwa wanaume wanakunywa. Halitaki kujua kuwa mama wa ushirika anaweka pombe kwenye chupa ya maji ndani ya kabati la jikoni. Mwanaume akilewa tunamwombea, mwanamke akilewa tunamjadili. Kama mkutano wenye wanaume wengi unakunyima amani, tafuta wa wanawake, na kama haupo, uliza kikundi kikuunganishe na mwanamke aliyetangulia. Wanamwita sponsa, mtu wa kukushika mkono na kukupokea simu usiku ukibanwa na kiu. Desturi nzuri ni mwanamke kwa mwanamke, mwanaume kwa mwanaume. Mwanaume akijipendekeza kuwa sponsa wako na kutaka mkutane wawili faraghani, ondoka. Huko pia kuna mbwa mwitu, kama tulivyo nao kwaya.

Namna ya kutambua kikundi kisichofaa ni rahisi. Kikundi cha kweli cha AA hakitozi ada. Kikapu hupitishwa, anayeweza anaweka, asiyeweza haulizwi. Ukiona pale panadaiwa kiingilio, au mtu mmoja ndiye bwana wa kila kitu, au unaambiwa utupe dawa ulizoandikiwa na daktari, au uvunje na kanisa lako, au kinachosemwa ndani kinasikika sokoni kesho yake, hapo si mahali. Na msichanganye kikundi na kituo cha kurekebisha tabia ambako mtu hulazwa. Vituo hivyo vinapaswa kuwa na idhini ya NACADA. Kabla hujauza ng'ombe kumlipia kijana wako, piga NACADA kwa namba 1192, haina malipo, uulize kama kituo hicho kinatambuliwa. Namba hiyo hiyo itakusaidia kupata mshauri. Nimesikia vituo ambako watu hufungwa minyororo na kuitwa kuombewa. Huo ni uhalifu, hata kama ukutani pameandikwa Zaburi.

Jambo moja zito kabla sijaendelea. Watumishi wenzangu, naomba msome hapa mara mbili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, yule ambaye asubuhi lazima atoe loki ndipo mikono itulie, hawezi kukatishwa pombe ghafla bila kuangaliwa na daktari. Mwili wake umezoea. Siku ya kwanza au ya pili anaweza kupata kifafa. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutokwa jasho, kuona wadudu na watu wasiokuwepo. Madaktari wanalijua tatizo hilo, lina dawa, na lisipotibiwa linaua. Sasa wewe mtumishi unamchukua mtu kama huyo, unamfungia kwenye kesha la siku tatu, kufunga kavu, bila maji, na anapoanza kutetemeka na kupiga kelele unasema pepo linatoka! Linalotoka linaweza kuwa roho yake. Mpeleke hospitali kwanza. Omba ukiwa ndani ya gari. Mkutano utafuata akishatulia. Hata yule Bill alianzia kitanda cha hospitali. Na Msamaria katika Luka 10 alifunga majeraha, akampeleka mtu kwenye nyumba ya wageni, akalipa. Hakumkemea barabarani.

Na yeyote aliyekunywa pombe isiyojulikana, kisha macho yakaanza kuona ukungu, asilale "aone kama itapita." Hospitali, saa hiyo hiyo. Novemba 2000 kumi kumi iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Mei 2014 tulizika tena katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Kila mara tumefanya ibada za mazishi zenye maneno mazuri.

Mama, wewe unayesoma haya usiku ukisikiliza kama lango litafunguka, nawe una pa kwenda. Mke wa Bill, Lois, alishiriki kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya familia za walevi, kwa sababu aligundua kuwa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa ulevi wa mume wake. Umekuwa ukimpigia bosi wake simu kusema ana malaria. Umelipa deni lake kwa mama pima kwa pesa za chama. Umeficha viatu, umeficha funguo, umeficha ukweli kwa wakwe. Ninyi tunawaambia tu "vumilia, mwombee, Mungu atamkumbuka." Kumwombea ni sawa. Lakini wewe nani anakusikiliza? Ukikosa Al-Anon karibu, nenda mkutano wa wazi hata kama yeye amekataa kwenda. Kuna waume walioingia mkutanoni baada ya wake zao kwenda peke yao miezi mitatu.

Najua komenti zitakazokuja. Kuna atakayeandika 2 Wakorintho 5:17, kwamba tumekuwa viumbe vipya, kwa hiyo mtu aliyeokoka hapaswi kusimama na kusema "mimi ni mlevi." Ni hoja nzuri kuliko zote, na naipa heshima. Kama maneno hayo yanakukwaza, sema "mimi ni mtoto wa Mungu na siwezi kugusa pombe." Hakuna atakayekufukuza. Lakini elewa kwa nini wao husema hivyo. Mlevi haangushwi na kusahau kwamba Mungu anampenda. Huangushwi na kusahau kwamba glasi moja si glasi moja kwake. Anakaa miaka miwili bila kulewa, anakwenda harusi, anajiambia "sasa nimekomaa, moja tu." Mithali 23 inamweleza mtu huyo vizuri hadi mwisho wa sura: amepigwa, ameumia, na akiamka jambo la kwanza analotaka kujua ni lini atapata nyingine. Mwandishi wa Mithali alijua loki kabla yetu. Paulo naye, aliyeandika habari za kiumbe kipya, alipomwandikia Timotheo hakusema alikuwa wa kwanza wa wenye dhambi. Alisema yeye ndiye wa kwanza, kwa wakati uliopo. Angalia 1 Timotheo 1:15.

Mwingine ataniuliza kwa nini kanisa lisianzishe kikundi chake, chini ya idara ya maombi, na mzee wa kanisa kama mwenyekiti. Kwa sababu mtu hatasema ukweli mbele ya mzee anayemdai pesa za harambee. Kwa sababu mwenye baa wa mtaa wetu anakaa kiti cha tatu na zaka yake tunaijua. Na kwa sababu siku ambayo kikundi kitakuwa na mwenyekiti wa kanisa, kitakuwa na ripoti, na ripoti itakuwa na majina.

Kwa hiyo tumefanya hivi, na hili ni tangazo. Kuanzia wiki ijayo, chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa na kikundi kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kwa Kiswahili. Kikundi si chetu. Sitafungua kwa maombi wala sitatokea kusalimia, na mzee yeyote asijipe kazi ya kuhesabu walioingia. Hakutakuwa na bango. Tulitaka kuwapa chumba bure wakakataa, kwa sababu desturi yao ni kujitegemea na kutopokea msaada wa nje, basi tumekubaliana kodi ndogo inayotoka kwenye kikapu chao. Lango ni la nyuma, upande wa tangi la maji, na taa ya pale imetengenezwa jana. Kwaya, mazoezi yenu ya Alhamisi yamehamia ukumbi mkubwa, na ngoma zianze saa moja na nusu, wakishamaliza. Chai watapika wenyewe.